Ndui Iliyokataa Kuota

Juzi nilipanga foleni hospitalini Kisii nyuma ya mama mmoja, mchuma chai kutoka Nyacheki. Mumewe alikuwa ametengwa wodi ya nyuma kwa wiki mbili. Alikuwa amemuua tumbili katika mahindi yake, kisha akatokwa na vipele mwili mzima. Daktari alihofia ndui, au ile ndui mpya ya nyani inayosemwa imeonekana Kongo.

Zamu yake ilipofika, tabibu alifungua mbele yetu barua ya maabara kutoka Nairobi.

“Mama, yale magamba ya vidonda waliyapanda ndani ya yai la kuku.”

“Yai?”

“Yai lenye kifaranga kinachokua. Ndui ya watu au ya nyani ingeota madoa meupe. Hakukuota kitu. Tetekuwanga ndiyo haioti kwenye yai. Ni tetekuwanga tu.”

“Soma tena.”

Akasoma tena. Mama akavua kitambaa cha kichwa, akajifuta uso polepole.

“Kwa hiyo naweza kumshika mkono?”

“Vipele vimeshakauka. Mshike, mwende nyumbani.”

Akacheka huku analia. Sote kwenye foleni tukakimbilia kumpa mkono wa pongezi. Dakika tano kabla, tulikuwa tumemwachia nafasi ya kupita ng'ombe wawili, na aliyeanza kurudi nyuma ni mimi.