Kibanja cha Mama na Kilima Kisicho na Bwana

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, vizuri kuliko hata siku niliyooa. Mke wangu asinisikie. Enzi hizo Mjerumani ameshaingia Karagwe. Nilikuwa kijana, baba amefariki, na kibanja chetu cha migomba kilikuwa kwa jina langu, ingawa aliyekitunza ni mama.

Upande wa Isingiro alitokea mtu akiwaita watu kilimani. Huko, alisema, ardhi haina bwana: jembe la wote, chungu kimoja, wala hakuna wa kupelekewa ndizi za heshima. Moyo wangu uliwaka. Hata leo siwezi kuwacheka watu wale, walikuwa wema kweli.

Nikaenda kuomba shauri kwa Mzee Salum, muuza nguo aliyekuja na misafara ya pwani akalowea kwetu. Nilimwamkia, akaitikia, nami nikaanza kuhubiri. Akanisikiliza huku akikunja kaniki, kisha akalitazama furushi langu la safari.

"Umekuja kuuliza au kuaga?"

"Kuuliza, mzee."

"Mama yako kasemaje?"

Nikamwambia sijamuuliza, angelia tu.

"Kumbe umeshamjibia! Rudi nyumbani, kijana. Shauri langu utalipata ukishapata lake."

Nilinuna. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nikatoka pale moja kwa moja hadi kilimani.

Msimu wa kwanza tulilima tukiimba. Wa pili mvua ilikataa, chungu kikakauka, tukatawanyika bila ugomvi. Nilipofika nyumbani nikamkuta mtu nisiyemjua akipogoa migomba ya baba. Desturi ilikuwa hivyo: mwenye kibanja akihama bila kumsimamisha mtu wa kukishika mbele ya majirani, mkubwa wa eneo humpa mwingine.

Mama nilimkuta uani kwa Mzee Salum, akimenya ndizi. Mzee ndiye aliyempokea. Nikapiga magoti, mama akanishika kichwa.

"Mwanangu, ungeniuliza ningekuambia nenda. Ningewaita majirani, tukatoa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, ukanisimamisha mbele yao. Leo tungekuwa na kwetu."

Nililia kama mtoto. Muda wote ule nilidhani angenizuia. Mzee Salum hakunisuta hata kwa neno moja. Alimwambia mkewe aongeze sahani.

Sasa nawe umenijia na habari za shamba la pamoja kule Songambele. Sikuzuii. Ningekuwa na magoti yako ningekufuata, maana ndoto ile haijanitoka. Lakini furushi lako nimeliona pale mlangoni, mwanangu, tena limefungwa vizuri.

Nenda ukalifungue. Ukae na mama yako, umweleze yote, kisha unyamaze mpaka amalize lake. Ushauri unaoombwa safari ikiwa imeshapangwa ni kwaheri tu. Na atakayebaki ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mungu akupe udongo mwema uendako, na huku utokako akuwekee mama mlangoni, kwenu, si uani kwa watu.