Kambare Niliyempikia Susu

Miaka ya themanini, nilipomaliza kidato cha nne na kukosa kazi, nilifuga kambare katika kidimbwi nilichochimba chini ya shamba letu kule Kilungu. Siku za soko niliwapeleka Sultan Hamud. Walipoanza kutoka vidonda, nilifanya tulivyowafanyia kuku, na hata vidonda vyetu wenyewe: nilinunua rangi mbili dukani, zile kapsuli za kuua vijidudu, nusu nyekundu nusu manjano, nikazipasua na kuchanganya unga wake na pumba niliyowalisha. Walipona. Basi nikaendelea kila wiki, hata kwa samaki wazima, nikijiona mtaalamu.

Nyanya yangu, tuliyemwita Susu kwa Kikamba, alikuwa hajawahi kuonja samaki. Wazee wa rika lake waliwaita nyoka wa majini. Nilimbembeleza mwezi mzima.

"Susu, onja tu."

"Nikianza kutambaa, utanichimbia shimo?"

Mwishowe akala, kwa kunipenda tu. Nilikuwa nimempika kambare yule kwa haraka. Karibu na mfupa nyama ilikuwa bado na wekundu.

Siku ya pili alianza kuharisha damu. Kwenye zahanati akapewa rangi mbili zile zile. Alizimeza siku nne huku akinyauka, macho yakizidi kuingia ndani. Tukamkimbiza hospitali kubwa, wakampima choo. Daktari akaniita kando.

"Vijidudu hivi vimeizoea dawa aliyopewa. Amekuwa akiimeza nyumbani?"

"Hapana."

"Hakuna anayeitumia pale kwenu? Hata kwa mifugo?"

Nilitazama viatu vyake. "Hapana, daktari."

Sikuweza kusingizia kutojua. Aliposema vimeizoea, nilijiona nimeinama juu ya maji, vidole vimejaa unga wa manjano, na kambare wakigombania pumba. Hata wale niliokuwa nimewauza walinijia, kila mmoja na sufuria yake, kila sufuria na watoto wanaoizunguka.

Sindano za dawa nyingine zilimwokoa Susu, ingawa hakupata tena nguvu za kupanda mlima kwenda kanisani. Waumini wenzake walipokuja kumpa pole, aliwaambia, "Msimlaumu mtoto. Tumbo langu ni la kizamani, limemtia aibu." Kisha akanishika mkono, mbele yao wote, akaniomba msamaha.

Nami nikamjibu, "Si neno, Susu. Nimekusamehe."