Ni Saizi Kabisa

Tulipokuwa tukikaa Shively, kando ya Louisville, hatukuwahi kununua tairi za theluji. Theluji ikianguka, mji wote ulijifungia ndani tukangoja iyeyuke. Hapa Buffalo watu hawangoji. Tulihamia huku, mtaa wa Riverside, kumtunza mama mkwe, ambaye figo zake zimechoka na lazima damu yake isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki. Mume wangu huingia kiwandani alfajiri, kwa hiyo dereva wa mama ni mimi.

Mwezi wa Novemba utabiri ukasema Jumatatu, siku ya mashine, theluji itafunika ngazi. Mama aliwahi kukosa mashine siku moja tu, akavimba miguu, akahema kama amekimbia mlimani. Niliogopa sana kuyaona hayo tena.

Nikafungua mlango wa gari letu dogo na kusoma kibandiko cha pembeni: 185/65R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kimo chake kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni inchi za rimu, na hiyo haina mjadala. Haya yote nilijua. Naomba ikumbukwe kwamba nilijua.

Jumamosi mdogo wa mume wangu akapiga simu kutoka Columbus, anakofanya kazi kwenye ghala. Mashine zilikuwa zikinguruma nyuma yake.

"Bon, shemeji, nimepata pneu za baridi, ziko muzuri. Gari yenu ni kidogo kama yangu. Donc, ni saizi, hein?"

Pneu kwao ni tairi, na hivyo ndivyo nilivyosikia. Nikajibu kwa furaha, "Ni saizi kabisa! Lete!"

Alitoka huko alfajiri ya Jumapili, akatukuta nazo tumetoka ibadani. Tukaenda kwa fundi mmoja North Buffalo ambaye hafungi siku yoyote. Akaziangalia, akatikisa kichwa: ni za kumi na sita, gari ni la kumi na tano.

"Lakini uliniambia ni saizi," nikamgeukia shemeji.

"Njo seize! Na wewe ulisema ni seize kabisa!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Watu wa Kivu, kwao mume wangu, husema njo badala ya ndiyo na huhesabu kwa Kifaransa, na kumi na sita yao hutamkwa "sezi". Sisi Wakenya kitu kikitutosha tunasema ni saizi. Nilipandwa na hasira.

"Kiswahili kina kumi na sita, shemeji! Kifaransa cha nini?"

"Na hiyo saizi yako, ni Kiswahili?"

Mume wangu akauliza kwa nini hakuna aliyepiga picha ya kibandiko.

Fundi ndiye aliyetoka nje kuangalia gari la shemeji. Rimu zake zilikuwa za kumi na sita. Tairi zikafungwa kwenye gari lake, na shemeji akanikabidhi funguo tubadilishane magari. Columbus ingepata mvua tu, alisema. Ni mrefu, magoti yalikaribia usukani wa gari letu, lakini akaondoka nalo kabla giza halijaingia.

Asubuhi barabara ilikuwa nyeupe tupu. Nilishika usukani kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Mama alikaa mbele akiomba kwa lugha ya kwao milimani. Kwenye mteremko mmoja gari liliteleza, tairi zikashika tena.

"Enda polepole," akasema, "lakini enda."

Kwenye kliniki viti vingi vilikuwa vitupu. Muuguzi alipotuona alishangaa, akamuuliza mama amefikaje na barabara ikiwa hivyo. Mama hajui Kiingereza, lakini swali alilielewa. Akaninyooshea kidole.

"Mutoto yangu njo amenileta."

Hakusema mke wa mtoto wangu. Muuguzi akanigeukia nimtafsirie. Nikamtafsiria neno kwa neno: mtoto wake ndiye aliyemleta.