Saa ya Kuchinjwa

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa nyama kwa miaka ishirini na minane, na kwa ubishi hana mfano. Nyama ya harusi ya mdogo wangu aliikataa mbele ya wakwe, wageni wakala maharage. Ndugu zangu hawajamsamehe mpaka leo.

Siku moja mkubwa wake akamwekea masinia mawili: nyama ya buchani, na nyama iliyokuzwa maabara kutokana na chembe za ng'ombe aliye hai. Azilinganishe, kisha hiyo mpya aipigie muhuri kabla ya saa sita mchana, waheshimiwa wanakuja kuionja. Akapima. Protini zilikaribiana. Ya maabara ilipungukiwa madini ya chuma, lakini vijidudu vilikuwa vya kutafuta kwa tochi, maana haikuwahi kugusana na utumbo. Ya buchani, jamani, vilikuwa vimefanya mkutano wa hadhara! Kazi ingeishia hapo, kama si fomu.

Fomu iliuliza hali ya mnyama kabla ya kuchinjwa. Mume wangu akasema haandiki asichokiona. Basi ng'ombe akaletwa, mnene, ana kovu la sindano ya kutolea chembe pajani, akamlamba koti. Akampima joto, akaandika: mzima. Swali lililofuata: alichinjwa saa ngapi?

"Andika yoyote," mkubwa akasema.

"Yoyote ipi, bosi? Si huyu hapa anacheua?"

"Bila saa, fomu haipiti."

"Basi isipite."

Mkubwa akatazama saa ya ukutani, akamgeukia mchinjaji aliyemleta ng'ombe. "Lete kisu. Achinjwe sasa hivi, tuandike saa ya kweli."

Hebu fikiria! Nyama imebuniwa ili ng'ombe asife, sasa ng'ombe afe ili nyama ipate karatasi! Mchinjaji akaleta kisu, kazi ni kazi.

"Hata akifa," mume wangu akasema, "nitaandika kwamba nyama ilitangulia kifo. Mnamuua bure."

"Basi acha muhuri mezani, nenda kwako."

Akasubiri kwanza ng'ombe apandishwe kwenye gari la kurudi zizini. Ndipo akauacha.

Saa saba alikuwa mlangoni kwangu. Nilimfokea, siwezi kuficha. "Umetuponza! Watoto watatu, tutakula msimamo?"

Akakaa, akavua viatu polepole. "Ningeupiga ule muhuri, ungejua?"

"Ningejua," nikasema, machozi yakinitoka. "Na mlango huu usingeuingia."