Wufa Moja ya Tata Ramazani

Lori la madini likipita karibu na nyumba yangu, vikombe hugongana kabatini, nami narudi Kapata, mtaa wa utotoni mwangu, kwenye miaka yangu kumi na wivu wangu wote.

Baba, fundi umeme aliyepunguzwa kazi mgodini, alikuwa ameunda bafle yake mwenyewe ya kupigia muziki: sanduku la mbao lenye wufa nne, yaani spika za besi, za inchi nane, alizozitoa kwenye redio zilizokufa. Jumapili watoto wa mtaa walicheza uani kwetu, na mimi ndiye niliyeamua nani asimame karibu. Ndipo jirani yetu Tata Ramazani, msafirishaji, akaleta kutoka mpakani bafle yenye wufa moja tu, ya inchi kumi na tano, pana kama sinia. Ua wetu ukabaki na kuku.

"Ya kwenu ni ya batoto," binti yake Zaina akaniambia. "Ya kwetu inaingia mu tumbo."

Kweli iliingia. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi moja, Zaina akichota maji, nilichukua sindano ya kusukia nywele, nikaingia kwao, nikaichoma ile wufa. Mara mbili. Kesho yake iliimba kama mbuzi mwenye mafua, na Tata Ramazani akaileta kwa fundi wa karibu: baba yangu.

Baba aliitazama karatasi yake nyeusi kwenye mwanga, akayaona matundu, kisha akanitazama mimi.

"Kuya hapa, mama," aliniita, akanipa uzi nipime upana. "Zetu ine pamoja zinasukuma hewa sawa na hii moja. Ata zinaipita kidogo. Lakini hii, sauti yake inashuka chini sana. Kule zetu hazifike."

Hakuniuliza neno. Alibandika viraka kwa gundi, akasema tungoje ikauke. Tulingoja siku sita.

Juzi tu mama aliniambia gundi ile hukauka kwa saa moja. Siku zote hizo, sisi watoto tukiwa hatupo nyumbani, baba aliiwasha bafle ya jirani na kukaa mbele yake peke yake, kiganja juu ya mbao. Alipoirudisha, wiki nzima hakuigusa ya kwetu.

Miaka yote nilidhani alininyamazia kwa huruma. Kumbe angeniadhibuje kwa ugonjwa wa wivu ambao yeye mwenyewe alikuwa akiugua?