Seti ya Chai ya Dada

Majina ya wote waliomo kisani humu nnayakumbuka, mpaka ya mama zao, lakini siyaandiki. Wajukuu zao ndio majirani zangu leo, na bado nnahitaji mtu wa kunitengenezea bomba.

Mwaka ule dada yangu alipoposwa na fundi seremala wa Jang'ombe, sisi wa Ng'ambo tulikuwa tumeshikwa na homa ya neno moja la Kizungu: seti. Redio ilikuwa seti. Vibanio vya nywele, seti. Shuka na foronya zake, seti. Karani mmoja jirani yetu, aliyechomeka kalamu mbili mfukoni na moja haiandiki, alitwambia Mzungu wake akirekebisha saa ni seti, na jua likizama ni seti vilevile.

"Watu wana meli chungu nzima," mama akasema, "wameshindwa kutafuta neno la pili?"

Asili yake ndiyo ilikuwa ugomvi. Bibi wa nyumba ya pili, ambaye babu yake alitoka Arabuni na hakutuacha tukasahau, alishika kuwa ni Kiarabu kitupu, linatokana na sitta, ndo maana vikombe vya seti huwa sita.

"Mbona redio ni moja?" karani akauliza.

"Na betri zake umezihesabu?"

Karani akaondoka zake.

Mama asili haikumshughulisha. Alitaka vikombe. Sisi wenyewe tulikuwa navyo vitatu, lakini alimpelekea fundi salamu: ndani ya begi iwemo seti ya chai, vikombe sita na visahani vyake, la sivyo harusi hakuna. Begi ndilo lile sanduku la nguo na zawadi analoletewa bibi harusi, likafunguliwa mbele ya wanawake wa mtaa, kitu kimoja kimoja. Dada alilia siku tatu. Alikuwa akimtaka yule fundi, na fundi alichokuwa nacho ni mbao.

Siku ya begi shangazi yake fundi aliingia na vigelegele, akapanga juu ya mkeka vikombe sita vya maua mekundu.

"Haya, seti hiyo! Ya Darajani, ndo kwanza yafunguliwa!"

Maua yale nusu ya mtaa ilikuwa nayo, maana sote tulinunua duka moja. Lakini kwetu vyombo viliazimwa kila penye shughuli, na ili visipotee kila nyumba ilitia tone la rangi chini ya vyombo vyake. Basi mwanamke wa Ng'ambo ukimpa kikombe hatazami maua. Anakipindua. Na siku ile walivipindua kwa pamoja. Tone jeusi. Tone jekundu. Tone la buluu.

"He! Si changu hiki?" akasema bibi wa nyumba ya pili. "Wewe shangazi, si uliniambia una hitima? Nkakupa na pole!"

"Hitima kweli, bibi. Mjomba wangu alifariki."

"Lini?"

"Kitambo."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mama hakucheka. Alisimama na kikombe cha sita mkononi.

"Funga begi lako, bibi wee, urudi nalo Jang'ombe. Mwanangu haolewi kwa vyombo vya kuazima."

Kisha naye, kwa mazoea tu, akakipindua. Tone la kijani, rangi ya mlango wetu. Ufunguo wa kabati letu ulikuwa kwa dada, na dada alikuwa nyuma ya pazia la chumbani. Nililiona pazia lile likitetema kama lina baridi. Angesema neno mama, mtaa mzima ungejua kuwa bibi harusi ndiye aliyeiba kikombe cha mamake ili apate kuolewa.

Mama akalifunika tone kwa kidole gumba.

"Sita," akasema. "Seti imetimia. Leteni chai."

Ikamiminwa humo humo, kila mwenye kikombe akanywa chake. Bibi wa nyumba ya pili alipomaliza akakifuta chake kwa ncha ya kanga.

"Chai nzuri, lakini kikombe changu nnaondoka nacho."

"Ondoka nacho," mama akamjibu. "Mume tunabaki naye."