Aliyelazwa Kutazama Msikiti

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, amesafiri mbali kwenda kuona mahame ya Wamaya. Amenitumia picha kwenye simu: ngazi za mawe zinazopanda juu kuliko miti, mizizi iliyokumbatia kuta, na yeye mwenyewe mbele ya kuta hizo, amevaa kofia ya jua, anacheka. Chini ya picha moja ameandika kwamba ndani ya jengo lile la ngazi walikuta kaburi, na hakuna anayejua kwa hakika ni la nani. Kisha ameniuliza kama na mimi nimewahi kutembelea mahame.

Nimewahi, mara moja. Wakati huo yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Nyamugari, mjini Gitega, na vita tulishavizoea kiasi kwamba mtu hakupanga safari kabla ya kusikia ni barabara gani imefungwa. Mkwe wangu alichuuza nguo za watoto. Rafiki yake wa mtaa wa Magarama alikuwa fundi cherehani. Huyu akishona, yule akiuza, na kwenye masoko ya mbali walikwenda pamoja. Safari ya mwisho walipita Muyinga mpaka Butihinda, kwa mwenyeji wao, Mwislamu mwenzetu aliyekuwa akiwalaza kila mara. Baadaye tukasikia kilima kile, kijiji kizima, kimechomwa. Hakurudi mkwe wangu, wala fundi.

Katika dini yetu, kungoja kwa mwanamke kuna sheria yake. Mume akifa, mke hukaa eda, na eda ikiisha maisha humfungukia tena. Lakini asipojulikana kama yu hai au amekufa, mke hana eda ya kukaa. Ni mke wa mtu. Shehe wetu alinieleza kwa upole jambo ambalo nililijua, maana tulisoma kitabu kimoja: lazima ipatikane yakini. Binti yangu akaendelea kumpakulia mumewe kila jioni, na asubuhi akakila kile chakula mwenyewe, kimeganda. Kila Ijumaa mke wa fundi alikuja kukaa naye. Walichambua maharage kwenye ungo mmoja, hawasemi mengi.

Njia ya Karuzi kwenda Muyinga ilipofunguliwa niliomba nafasi kwenye lori la chumvi. Nilikwenda kutafuta yakini, basi. Hata ile mbaya ningeipokea.

Kwenye kizuizi kimoja askari kijana aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia Butihinda, kuangalia nyumba.

"Mzee, watu wanatoka huko mbio, wewe unakwenda kutalii?" Wenzake wakacheka. "Haya. Ukiona nyumba iliyosimama, njoo unionyeshe na mimi."

Muyinga mjini nililala msikitini, nikaswali kwa kupunguza kama msafiri, na alfajiri nikashika njia kwa miguu.

Yule askari alijua alichokisema. Nyumba ya mwenyeji ilikuwa ya matofali mabichi, na paa likishaondoka, mvua huyarudisha matofali hayo kuwa udongo. Kuta zilikuwa zimeyeyuka hadi magotini. Mmea wa maboga ulikuwa umetambaa juu yake, umechanua. Miti ya uzio, ile mivumu inayopandwa kama vijiti, ilikuwa imeshika mizizi na kutoa majani, ikizunguka uwanja usio na kitu. Nilichokitambua ni kijukwaa cha saruji nyuma ya nyumba, mahali pa kutia udhu, na kishimo cha kuwekea birika. Maji ya mvua yalikuwa yamejaa humo. Nilitawadha kwa maji hayo.

Mwanamke mmoja alikuja kuniangalia, jembe begani. Alikuwa jirani, Mkristo, amerudi kutoka kambini Tanzania, na Kiswahili alikuwa amekijulia huko. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza mimi ni nani wa nyumba hii. Nilipomweleza, alikaa chini kwanza.

Alisema wenye nyumba walikimbia wote, na alisikia wako kambi nyingine. Wageni wao wawili walichelewa. Mmoja alipigwa uani akafa, mwingine alionekana akishuka bondeni upande wa mpakani, na tangu hapo hakuna aliyemsikia. Yule aliyeuawa majirani walimzika kabla na wao hawajakimbia, kwenye shimo lililochimbwa udongo wa matofali.

Nilimuuliza ni yupi.

"Mzee, uso sikuutazama. Walimfunika. Wanaume waliomzika, mmoja alifia kambini, mwingine ni mume wangu, naye hayupo tena. Nililiona shati tu. La samawati, lina mistari myeupe."

Shati lile nilikuwa nalijua. Fundi alikuwa ameyashona mawili kwa ajili ya Idi, kutoka kitambaa kimoja, lake na la rafiki yake, na wote wawili waliyavaa siku waliyoondoka.

Yule mama alifikiri nina wasiwasi na maziko. Akanihakikishia kwamba walimzika kwa adabu. "Tulijua nyinyi hulazwa mkitazama msikiti. Basi tulimgeuza uso, tukamwelekeza Muyinga, kwenye msikiti wenu."

Muyinga iko kusini ya pale. Makka iko kaskazini. Walimlaza mtu yule, kwa upendo wote, akiwa ameipa kibla mgongo. Nilimshukuru yule mama, na shukrani ile ilitoka moyoni. Nilimwomba Mungu aupokee uso uliogeuzwa kwa heshima. Halafu nikasimama kumswalia. Nia ya swala ile haihitaji jina, inatosha kusema huyu aliye mbele yangu. Nilielekea kaskazini, naye chini ya udongo ameelekea kusini, na sikujua kama ninamswalia mkwe wangu au mume wa mwanamke mwingine.

Nyumbani niliwakuta wote wawili, binti yangu na mke wa fundi, maana habari za kurudi kwangu zilinitangulia. Niliwaambia yote, sikupunguza.

"Mtu mmoja," alisema mke wa fundi.

"Mmoja," nikasema.

Binti yangu alinyanyua ungo, akauweka tena chini. Hawakutazamana. Kaburi lilikuwa moja, na kila mmoja alikuwa akiomba liwe la mwenzake. Dua hiyo niliiona nyusoni mwao kama mtu anavyoona maandishi, na mimi ndiye niliyewaletea. Ijumaa iliyofuata mke wa fundi hakuja. Hakuja tena kabisa.

Miaka ilipopita, shehe alisema sasa sheria inaruhusu kuhukumu kwamba mtu amekufa. Binti yangu alikataa. "Na akija?" aliniuliza. Nasikia yule wa Magarama naye alijibu hivyo hivyo. Leo wote wana mvi, na kila mmoja ni mke wa mtu.

Ninamshukuru Mungu kwa mjukuu aliyekua, kwa miguu yake iliyofika mbali. Subira nimeiomba na nimepewa. Lakini hakuna siku niliyopata matumaini kwa habari ile, na sijui nimwandikie nini mtoto huyu anayeuliza habari za mahame.

Nimeikuza ile picha kwa vidole, nitazame mlango wa kaburi umeelekea wapi. Hauonekani.